Ubeti wa Tatu wa Mama Zuhura

Zuhura aliiweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto aliyelala ili aende kufungua mlango. Ilikuwa santuri ndogo, ya nyimbo mbili, imefungwa katika kipande cha kitenge cha kijani. Nilipokifungua nikaona lebo ya karatasi ya daftari iliyokatwa duara kwa mkasi, na juu yake herufi kubwa za kalamu ya bluu zikisema, kwa Kifaransa cha shule, kwamba haya ni masomo ya lugha hiyo, sehemu ya pili. Nilizitambua kabla ya kuzisoma. Herufi R zangu hadi leo zina mguu mmoja mrefu. “Mjomba Damasi,” Zuhura akasema, “huu si mwandiko wako?” Nikamjibu kuwa ni wangu. “Basi nieleze. Mama hakujua hata kusema bonjuu. Alikuwa anaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo zake za hija ambayo hakuwahi kwenda. Mtu asiyejua Kifaransa anatunza somo la pili la nini? Na la kwanza liko wapi?” Wageni wa arobaini ya mama yake walikuwa wameshaondoka, masufuria yamegeuzwa uani yachuruzike maji, na nyumba ya Biryogo, hapo Kigali, ilikuwa na ule ukimya wa nyumba iliyokuwa imejaa watu. Nilikuwa nimesafiri kutoka Bukoba kwa siku moja na nusu kuja kusema pole. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa kitu ambacho nilikubali kukinyamazia nikiwa na miaka ishirini na moja.

Nilifika Kigali mwanzoni mwa mwaka 1992 nikitokea Bujumbura. Kwa nini niliondoka huko ni hadithi nyingine, na haina muziki ndani yake. Nilipata kazi kwa mtu aliyeitwa Anselmi, mwenye duka la kunakili kaseti karibu na msikiti. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu, deki mbili za kaseti, gramafoni moja, na benchi ambalo wateja walikalia wakingoja kaseti yao ijae. Mtu alikuja na orodha ya nyimbo kumi, mimi nikazitafuta kwenye santuri, nikazirekodi mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa kunakili hakukuharakishwa, saa nzima ya muziki ilikuwa saa nzima ya mazungumzo. Kwenye benchi lile nilijifunza mji. Nilisikia nani ameposa na nani ameposwa, barabara gani imefungwa leo, nani amepeleka watoto wake kijijini bila kuaga. Vita vilikuwa kaskazini na watu walivizungumza kwa sauti ya chini, kisha wakapandisha sauti ili kubishana kuhusu mpiga gita gani ana vidole virefu zaidi. Anselmi alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na aliamini kwamba kitu kisicho na jina hakiuziki.

Ndiyo maana lile boksi la Seif lilimtia wasiwasi. Seif alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mombasa, na kwa sababu ya vita alikuwa akizunguka kupitia Tanzania kufika kwetu. Siku moja alishusha boksi la bati mlangoni na kusema kiwanda kimoja cha santuri kule Nairobi kilikuwa kinasafisha stoo yake. “Kuna mwanamke wa mtaa huu aliniomba zamani nimuulizie santuri nyeupe,” alisema. “Jina lake limenitoka, wallahi. Lakini muziki si ni huku kwako? Atakuja mwenyewe.” Ndani mlikuwa na santuri arobaini, zote katika mifuko ya karatasi ya kaki, zote zikiwa na lebo nyeupe isiyochapwa kitu. Nyingine zilikuwa na maneno machache ya penseli, nyingine namba, nyingine hazikuwa na chochote. Anselmi alizipindua moja moja. “Sha, hizi hazina jina. Nani atanunua kitu hakina jina? Na ukikutana na askari kwa njia, akuulize hii iko nini, utamwambia nini? Atasema iko maneno ya wale wa kaskazini.” Sindano ya gramafoni yetu ilikuwa imekwisha, na nyingine tulikuwa tumemwagiza Seif huyohuyo katika safari yake ijayo. Hatukuweza kusikiliza hata moja. “Andika harusi,” Anselmi akaamua. “Harusi iko kila mahali.” Nikakata karatasi za daftari duara, nikachemsha unga wa muhogo kupata gundi, na kwa siku mbili nikabandika: HARUSI 1, HARUSI 2, nikaendelea hivyo. Nilifanya kazi safi. Nilijivunia jinsi kingo za karatasi zilivyolala. Moja tu ilibaki nyeupe kwa sababu karatasi iliniishia, nikaitupa chini ya rafu.

Watu walizinunua kwa sura ya namba. Waliokuwa na gramafoni zenye sindano nzuri walizipeleka nyumbani, na hakuna aliyerudi kulalamika, jambo ambalo Anselmi alilichukulia kuwa uthibitisho. Sindano mpya ilipofika baada ya wiki tatu nikaijaribu kwa ile iliyobaki nyeupe, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa tayari kuikwaruza. Kwanza nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha mtu akakohoa, akahesabu moja mbili tatu kwa Kilingala, na ukaanza wimbo ambao kila mtu kwenye benchi aliujua, ambao nilikuwa nimeunakili labda mara mia. Lakini haukuwa wenyewe. Tarumbeta hazikuwepo. Mwimbaji aliimba jina la mwanamke mwingine kabisa, na mahali ambapo santuri ya dukani hufifia, hii iliendelea, magita yakicheza kwa dakika mbili zaidi, mpaka mtu mmoja akacheka na mwingine akasema kitu kama “imetosha.” Niliinua mkono wa gramafoni nikakaa. Nilihisi kama mtu aliyepita mbele ya nyumba ileile miaka yote, na leo amekuta mlango wa nyuma uko wazi. Mteja mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi redioni, ndiye aliyenieleza: kabla kiwanda hakijachapa santuri za kuuza, huchapa chache za kujaribia, wenye wimbo wasikilize na kuchagua. Zile zisizochaguliwa zinabaki hivyo, nyeupe. “Angalia pale mifereji inapoishia, karibu na lebo,” aliniambia. “Wamechora namba kwa ncha ya msumari. Hiyo ndiyo jina lake la kweli.” Nikatazama rafu iliyokuwa tupu. Thelathini na tisa nilikuwa nimezifunika kwa mkono wangu na kuzitawanya Kigali nzima bila kuzisikia.

Mwaka wangu ulianzia hapo. Kila Jumapili, na kila jioni niliyoruhusiwa kuondoka mapema, nilikwenda kutafuta harusi zangu. Sikuwa na cha kununulia, kwa hiyo nilibadilishana: nipe HARUSI yako, nikupe kaseti nzima ya nyimbo unazotaka wewe. Gitega, mtaa wa jirani hapo hapo Kigali, nilikuta mbili katika baa, moja ikiwa imewekwa chini ya mshumaa, nta imeganda juu ya mifereji kama mafuta ya mbuzi. Niliitoa nta kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, nikapata toleo la wimbo wa dansi ambamo mpiga ngoma anakosea na wenzake wanamfuata katika kosa lake mpaka linakuwa zuri. Kicukiro mwalimu mmoja alinikaribisha maharage na ndizi, akakataa kubadilishana, lakini akaniruhusu nisikilize mara tatu nikiwa nimekaa sakafuni, kichwa karibu na spika. Niliporudi dukani niliandika katika daftari nilichosikia. Bado ninalo. Limejaa mambo kama “hapa anaimba ‘kesho’ badala ya ‘jana’” na “mlango unafungwa nyuma.” Sijui kwa nini mambo hayo yalinishika hivyo. Nikifikiria sasa, baada ya kuhama miji tisa na kutokaa wowote zaidi ya miaka minne, nadhani nilipenda kujua kwamba hata kitu kinachosemwa na watu wote kwa namna moja kiliwahi kuwa na namna nyingine.

Mama Zuhura alikuwa fundi cherehani, chumba chake kikitazamana na duka letu. Baba wa baba yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtaa mzima, jambo alilokuwa akitukumbusha. Mchana alimtuma Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na hasira za mtu wa arobaini, aniletee chai ya tangawizi na chapati. Wanawake waliokuja kushona kwake walikuwa na utani mmoja usiochoka. Mmoja, jirani yake aliyeitwa Bi Sauda, alikuwa akiingia tu na kusema: “Hodi kwa mwimbaji! Ubeti wa tatu umeamkaje?” Wote wakacheka. Nilidhani ni jina la utani tu. Siku niliyocheza ile santuri nyeupe mlango ukiwa wazi, Mama Zuhura aliacha pedali ya cherehani. Alivuka barabara na futi ya kupimia ikining’inia shingoni, akasimama mbele ya gramafoni, akaitazama lebo ikizunguka.

“Hii umeitoa wapi?”

Nikamweleza kuhusu Seif na boksi. Alikaa kwenye benchi. Ndiye aliyemwomba Seif zamani, lakini alikuwa Butare kwa dadake wiki zile mbili boksi lilipofika, na alipokuja dukani aliona harusi tu. Ndipo aliponisimulia. Akiwa na miaka kumi na tisa alikaa Nairobi kwa shangazi yake akijifunza ushonaji, na bendi moja iliyovalia nguo zilizoshonwa pale ikamchukua yeye na wasichana wawili waitikie katika wimbo ulioitwa “Rudi na Mwavuli.” Niliujua. Nani hakuujua? Uliimbwa kwenye sherehe kuanzia kwetu hadi Dodoma. Katika santuri ya dukani ubeti wa tatu anaimba mwanaume. “Ulikuwa wangu,” Mama Zuhura alisema. “Niliuimba peke yangu. Kisha mke wa mwenye bendi akaona wivu, wakanitoa, wakamweka yule baba mwenye sauti ya pua. Miaka kumi na sita ninawaambia watu. Wananicheka. Huyu Zuhura naye sasa ananicheka, Damasi. Jana kamwambia mwenzake, ‘Mama yangu anapenda kutunga.’” Aliikunja futi yake. “Lakini santuri nyeupe ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu ofisini. Fundi mitambo aliandika jina langu kwa penseli. Mwaju, na namba tatu.”

Ninaweza hadi leo kuonyesha mahali nilipokuwa nimesimama. MWAJU 3. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikadhani ni alama ya kiwanda, nikapaka gundi ya muhogo juu yake na kuandika HARUSI 27. Miezi mitatu mwanamke huyu alikuwa akinilisha na sikuwahi kujua kwamba anaitwa Mwajuma. Hakuna aliyemwita hivyo. Tangu siku mtoto wake alipozaliwa, mtaa mzima ulimwita kwa jina la mtoto, na mimi niliyekuja juzi nilipokea jina hilo kama nilivyopokea chai, bila kuuliza lingine liko wapi. Nilimwambia kweli. Hakunikemea. Alisema tu, “Basi umeifunika wewe, utaifunua wewe.”

Namba ishirini na saba nilikumbuka nani aliichukua, kwa sababu alinunua tatu kwa mpigo na kulalamika kwamba nambari hazifuatani: mke wa sajini mmoja wa Kanombe, nyuma ya uwanja wa ndege. Kwenda huko na mfuko wa santuri hakukuwa jambo la kufurahia mwaka ule. Nilikwenda Jumapili asubuhi, watu wakitoka misa. Mama Olive, ndilo jina nililompa kwa kuwa ndilo nililosikia watoto wakimwita, alinikuta mlangoni akiwa na mikono yenye unga. “Ni weye ulituuzia hii?” akasema kabla sijamaliza salamu. “Mbili iko nzuri. Lakini hii moja, oya! Kuna mwanamke anaruka mbele ya muziki kama kuku kwa barabara. Tulicheza kwa ubatizo, watu wote wakasimama, hawajui waweke mguu wapi.” Nilimuuliza kama anakubali kuibadilisha na kaseti ya kwaya. “Chukua. Chukua na mfuko.” Nilitabasamu njia nzima bila kufikiria alichoniambia. Kwenye kizuizi cha barabara askari alinisimamisha. “Iko nini ndani?” Santuri, shefu. “Toa.” Akaigeuza, akanusa gundi, akasoma lebo yangu kwa sauti. “Harusi. Nani anaoa saa hii?” “Watu hawaachi, shefu,” nilisema. Alicheka kidogo, akanirudishia. Ningekuwa nimebeba ile nyeupe, sijui tungeongea nini.

Mama Zuhura alikuwa ameshawaalika wanawake wake waje Jumatatu baada ya sala ya adhuhuri, Bi Sauda akiwa wa kwanza. Alikaanga sambusa, akaazima viti. Mimi nilibeba gramafoni ya Anselmi asubuhi, saa nne hivi, Zuhura akiwa shuleni. Tuliweka birika jikoni, mvuke ulipopanda nikaishikilia santuri pembeni yake, mbali kidogo isipinde, mpaka karatasi yangu ikalainika na kujikunja. Chini yake, kwa penseli iliyofifia lakini iliyosomeka, palikuwa na jina lake. Aligusa ile W kwa ncha ya kucha. Kisha alifunga mlango wa barabarani, kitu ambacho hakuwahi kufanya saa za kazi, na kusema, “Tuisikie sisi kwanza.”

Ilianza kwa sauti ya mtu akihesabu. Magita, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kila kitu kama tulivyokijua. Baada ya ubeti wa pili kuna mahali magita hucheza peke yake kwa muda, watu wanapokunja mikono na kuzunguka. Hapo, magita yakiwa hayajafika hata katikati, sauti ya msichana iliingia. Nyembamba, safi, yenye uhakika wote wa dunia. “Rudi na mwavuli, mvua haijaisha,” aliimba, na nyuma yake ukasikia bendi ikishtuka: ngoma ikasita, gita moja likakatika, mtu akasema “bado, binti,” naye hakusikia, aliendelea, na mmoja mmoja wakamkimbilia wakamfikia mwishoni mwa mstari wa pili. Kuanzia hapo hadi mwisho sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na nimesikiliza vingi. Wimbo ulipokwisha Mama Zuhura alisema, “Rudisha.” Nikarudisha. Mara ya tatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, kisogo kwangu.

“Niliingia mapema,” alisema. “Yule mke wa watu nimemsingizia miaka kumi na sita.”

Nilimwambia kwamba ni nzuri zaidi ya ile ya dukani. Nilimwambia kwamba jina lake lipo, sauti ipo, Bi Sauda atafunga mdomo. Alitikisa kichwa. “Wewe umekuja juzi. Sauda akisikia hii hatasema ‘kumbe aliimba.’ Atasema ‘kumbe alifukuzwa.’ Wakinicheka kwa kusema uongo, mimi ninajua hawana haki, ninalala vizuri. Kwa hili watakuwa na haki.” Kisha akageuka, na nikaona kwamba alikuwa akitabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyekutana na msichana aliyemfahamu zamani. “Lakini umesikia pale juu? Pale kwenye ‘haijaisha’?” Nikasema nimesikia. “Bandika karatasi nyingine. Andika kitu ambacho hakuna mtu atataka kukicheza.”

Nikakata karatasi. Nilifikiria hotuba za wakulima, nikafikiria mahubiri, kisha nikakumbuka zile santuri za masomo ya Kifaransa zilizotupwa kwenye shule yangu. Nikaandika sehemu ya pili, maana hakuna anayeanza somo katikati. Wanawake walipofika, sambusa zikiwa moto, Mama Zuhura aliwaambia kwa sauti ya kawaida kabisa: “Si yenyewe. Damasi alikosea.” Bi Sauda alipiga makofi. “Ubeti wa tatu umepotea tena njiani! Jamani, huyu kijana naye wa Burundi, hata kutafuta hajui.” Nilikula sambusa nne nikitazama chini. Zuhura alirudi kutoka shuleni na sare yake, akaulizia, akaambiwa, akamtazama mama yake kwa muda kisha akanitazama mimi. Alitupa mkoba juu ya kitanda. Macho yale niliondoka nayo Kigali mwaka uliofuata, nilipohamia Mwanza, na ndiko nilikokuwa mauaji yalipoanza mwezi wa nne wa mwaka 1994. Anselmi hakuonekana tena. Wa Biryogo nilipata habari zao baada ya miezi mingi, kupitia kwa Seif, na habari yenyewe ilikuwa neno moja: wazima.

Sasa Zuhura, mwenye watoto watatu na miwani ya kusomea, alinieleza sehemu niliyokuwa siijui. Waliporudi nyumbani mwaka ule walikuta mlango umeondolewa na vioo vya madirisha vimevunjwa. Cherehani ilikuwa imechukuliwa, vitambaa vimechukuliwa, hata viti. Santuri za muziki walizokuwa nazo zote zilikuwa zimekwenda. Ile moja ilikuwa sakafuni, na alama ya soli ya kiatu juu ya mfuko wake. “Mama alikaa chini hapo hapo kwenye vioo, akaipakata, akaanza kucheka. Nilidhani amerukwa na akili. Nikamwambia, Mama, ni Kifaransa! Akasema, ‘Ndiyo, mwanangu, ni Kifaransa.’” Zuhura alivua miwani. “Na alikuwa muongo kidogo, mama yangu. Mungu amrehemu. Ule wimbo wake. Hadi wiki ya mwisho, hospitalini, aliwaambia manesi.”

Nilikaa na ile santuri magotini. Mama yake alinipa siri yake na sikuwa na ruhusa ya kuitoa, na kwa miaka hii yote niliitunza vizuri kuliko nilivyotunza kitu kingine chochote. Lakini santuri yenyewe hakuivunja. Angeweza kuivunja kwa goti lake siku ileile, au kuiacha kwenye vioo, na badala yake aliikunja katika kitenge na kuiweka mahali ambapo mtu mmoja tu angeikuta, akiwa amechelewa kumcheka. Nilimuuliza Zuhura kama gesi ya jikoni bado ipo. Akaniambia ipo, nataka chai? Nikasema nataka birika tu.

Gundi ya muhogo ikizeeka inakuwa ngumu kama kucha. Ilichukua muda. Zuhura alisimama kando yangu, mtandio wa msiba umeteleza mabegani, akitazama herufi zangu za bluu zikilowa na kuvimba. Karatasi ilipotoka, aliinama karibu. Aliisoma penseli kwa midomo tu, mara mbili, jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifuta mtaani kwa kuzaliwa. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akitusikiliza kutoka mlangoni, alisema kuna mgahawa mjini ambako vijana wanacheza santuri za zamani, anamjua mwenye gramafoni, tunaweza kwenda sasa hivi. Zuhura alikuwa ameshachukua mkoba.

“Kuna nini ndani, Mjomba?”

“Mama yako,” nilisema. “Ukifika ubeti wa tatu usishtuke. Anaanza kabla ya wenzake.”